Kata ya Jumbe

Jumbe Ndetaramo alikuwa na sheria yake mwenyewe. Mbege ya mtu akiionja ikampendeza, aliuchukua mtungi mzima. Ikiwa chungu, aliitema akaenda zake, maana pombe chungu ilimshinda kabisa.

Siku hiyo alipiga hodi kwa mjane Aikaeli. Wanaume walikuwa juu wakimwezekea nyumba, na ujira wao ulikuwa mtungi mmoja tu wa mbege.

"Nasikia umepika, mama."

"Nimepika, Jumbe. Ila mtu kama wewe hanywei kata iliyopita midomoni mwa watu. Nimekukatia kibuyu chako, kipya kabisa."

Jumbe aliipenda heshima hiyo. Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.

"Chungu kama shubiri!"

"Pole, baba. Jaribu kwa jirani. Nenda na kata yako, asije akainywea mtu mwingine."

Jumbe akaitia kata kwapani. Kwa jirani, mbege ilikuwa chungu. Akapanda mlima, akashuka, na kote ilikuwa chungu.

"Wanawake wa siku hizi hawajui kupika," alisema, akarudi kwake na kiu yake.

Wapika pombe walimjia Aikaeli mbio, wakawakuta waezekaji wakinywa na kulamba midomo.

"Umemtilia dawa gani yule?"

"Sikumtilia kitu. Kibuyu kipya kisiporowekwa ni kichungu," alisema Aikaeli. "Kile kikizoea pombe, nitamkatia kingine."