Kimeng'enya na Kibao cha "Maji Marufuku"

Hii nimetumiwa na shemeji yangu. Kizuri kula na mwenzio, basi isome taratibu kisha mpelekee mwingine.

Palikuwa na fundi wa maabara aitwaye Mzee Kihwelo. Kazi yake ilikuwa kutunga vinasaba, yaani ule uzi usioonekana kwa macho uliomo ndani ya kila kiumbe. Uzi huo una herufi nne tu, na Kihwelo alizitunga mojamoja kama mtu anayetunga shanga, kwa tindikali na dawa kali zenye harufu ya kukaba roho. Miaka ishirini na miwili! Vidole vyake vilijaa makovu.

Dawa zile zilikuwa na adui mmoja: maji. Likiingia tone moja tu, kazi ya kutwa nzima imeharibika. Kwa hiyo Kihwelo alichora kibao kwa mkono wake, akakipigilia mlangoni: MAJI MARUFUKU. Kila chombo alikipasha moto, akakisuuza kwa dawa ya kukaushia. Hata mtu mwenye nywele mbichi alimrudisha nje.

Mwaka mmoja ukaingia ugonjwa wa mbuzi. Minada ikafungwa, wafugaji wasijue yupi mzima na yupi mgonjwa. Ili kipimo kipatikane, ulihitajika uzi wa herufi mia tatu. Kihwelo alijaribu mara nne. Kila dawa ilipopita iliuunguza uzi kidogo, nao ulipokaribia herufi mia mbili ulikatika. Roho ilimuuma sana, maana dada yake naye alikuwa na zizi.

Ndipo mkuu wake, Daktari Tumsifu, akaja na vichupa vitatu ndani ya barafu.

"Shikamoo, mzee. Hiki ni kimeng'enya. Mwilini ndicho kinachounganisha herufi za vinasaba. Hakitaki tindikali."

"Marahaba. Kimeng'enya si ndicho kile cha kwenye mate, kinacholainisha ugali?"

"Ni ndugu yake."

Kihwelo akacheka hadi miwani ikateleza. "Makubwa! Mate yashinde tindikali?"

"Viko vitatu tu, baba. Vikiisha, hatupati vingine hadi ipite miezi mitatu."

Kichupa cha kwanza kikatoka kapa. Cha pili, akaongeza umakini maradufu: kapa vilevile. Mwingine angesema "si niliwaambia?" akaenda zake kunywa chai. Kihwelo udadisi ukamwasha. Kazi ikiharibika huacha walau herufi mbili tatu. Hii haikuacha hata moja! Kwa nini?

"Daktari," akasema, "keti hapo. Nitarudia kila kitu kwa kichupa kitupu. Wewe andika tu mikono yangu inachofanya."

Alipomaliza, Tumsifu akasoma: "Umepasha vyombo moto. Umetia maji ya chumvi, kama karatasi iliyokuja na vichupa ilivyoelekeza. Ukajifanya umetia kimeng'enya. Ukasuuza kwa dawa ya kukaushia..." Akainua macho. "Mzee, nani kakwambia ukaushe?"

"Nimekausha?"

"Tena haraka haraka."

Kihwelo akaitazama mikono yake kama si yake. "Hebu niambie, kimeng'enya kinaishi wapi?"

"Majini, baba. Ukikikausha, umekiua."

"Salaala! Kumbe nawavua samaki, nawaanika juani, kisha nalalamika hawaogelei!"

Tumsifu akaangua kicheko. Kihwelo naye akacheka, ingawa aibu ilimshika. Macho yake yalikuwa kwenye kile kibao alichokichora mwenyewe.

Kabla ya kufungua kichupa cha tatu, aliifungia dawa ya kukaushia kabatini, ufunguo akampa Tumsifu. "Kaa nao," akasema. "Siiamini mikono hii."

Akatia maji, kimeng'enya, kisha herufi. Akasuuza kwa maji, akatia herufi nyingine. Mia moja ikapita, mia mbili zikapita. Mia tatu zikatimia, uzi haukukatika. Kipimo kikatengenezwa, minada ikafunguliwa, na zizi la dada yake likapimwa lote: mbuzi wazima.

Kibao hakukitupa. Alikihamishia juu ya mashine yake ya zamani ya tindikali, maana kule bado kinasema kweli.

Funzo: Mazoea yana taabu. Kanuni iliyokuvusha jana yaweza kukuzamisha leo kazi inapobadilika, kwa hiyo kabla hujalaumu kitu kipya, chunguza kwanza mikono yako inafanya nini bila wewe kujua.