Ndama wa Tumpe na Pikipiki Iliyoshushwa

Sikilizeni vizuri, wakubwa kwa wadogo, maana mwisho wa habari hii nitawaachia kazi.

Kijiji kimoja cha milimani, upande wa Rungwe, kilikuwa na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake. Gwantwa alijaliwa kuijua njia. Alikuwa mwanamke pekee kijijini anayeendesha bodaboda, na kwa kutazama tu alijua tope lipi linabeba tairi na lipi linalimeza. Lusekelo alijaliwa mikono ya ufundi. Ajali ilikuwa imemvunja goti, akawa anatembelea gongo na hawezi tena kuendesha, lakini pikipiki zililetwa kwake kutoka mbali. Na Bi Subilaga alijaliwa vidole. Alisuka vikapu, na watu walisimama kumtazama akisuka hata kama hawakuja kununua.

Gwantwa alikuwa mfupi. Akikaa kwenye kiti cha pikipiki, miguu yake haikufika chini. Mwaka mmoja, katikati ya kivuko cha mawe mtoni, pikipiki ililala upande huku mguu wake ukitafuta pa kukanyaga, na maji yakamburuta mpaka vijana wakamtoa. Tangu hapo aliingiwa na hofu. Ndipo Lusekelo akamtolea shokapu ndefu na kumfungia fupi. Pikipiki ikashuka, nyayo zake zikagusa ardhi.

Lakini ekzosi nayo ilishuka, karibu na mawe kuliko inavyotakiwa. Fundi akamwambia asipakie watu wazima wawili, na arudi upesi ili yeye aipandishe ekzosi. Gwantwa aliahidi. Abiria wakawa wengi, hakurudi. Na fundi naye, ingawa alijua kazi haijaisha, alimwacha Gwantwa aondoke na pikipiki.

Siku moja Tumpe, jirani yao, alikwenda mnadani na kumwacha bintiye mdogo, Sekela, kwa Bi Subilaga. Bibi alikuwa akimalizia kikapu. Mtoto alipomsumbua, alimwambia akacheze nyuma ya nyumba, penye kuni. Huko nyoka akamgonga mguuni.

Mvua ilikuwa imeharibu barabara, gari lisingepita, na bodaboda nyingine zote zilikuwa zimeshuka mnadani. Gwantwa alipofika, mguu wa Sekela ulikuwa umeanza kuvimba. Akampandisha Bi Subilaga na mtoto katikati, wakaondoka kuelekea hospitali ya bondeni.

Kwenye mteremko wa mawe alisikia ekzosi ikikwaruza. Akapunguza mwendo. Ikakwaruza tena, kisha jiwe likaigonga kwa nguvu na kishikizo chake kikakatika. Ekzosi ikapinda ndani, ikalalia tairi. Harufu ya mpira unaoungua ikapanda, na pikipiki ikasimama.

Gwantwa aliinama na kuona moshi. Alitazama huku na huku atafute mti wa kuibanulia, lakini Bi Subilaga hakungoja. Alikwisha kuzungusha upande wa khanga yake mikononi, akaikamata ekzosi na kuivuta. Khanga ikatoboka kwa moto. Bibi aliendelea kuvuta mpaka tairi likawa huru, akaishikilia hapo hapo huku Gwantwa akiifunga kwa waya aliouchomoa kwenye uzio wa shamba. Kisha, kwa viganja vilivyobabuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa Gwantwa.

"Nenda naye peke yako," alisema. "Uzito wangu ndio unaoikalisha chini. Mimi nitakuja kwa miguu."

Gwantwa alishuka mpaka kwa Lusekelo, karibu na kile kivuko cha mto, maana hospitali ilikuwa ng'ambo. Fundi alitazama ekzosi, akatazama na maji, na uso wake ukabadilika. Alimweleza kwamba kwa kimo kile ekzosi itameza maji na kunasa kwenye mawe, na injini itazimika katikati. Zile shokapu ndefu alikuwa bado nazo. Gwantwa alimjibu kwamba akizirudisha, miguu yake haitafika chini.

"Najua, dada," alisema Lusekelo. "Ukienda hivi hutavuka. Ukienda nayo ikiwa juu, utavuka usiposimama."

Mgongoni mtoto alikuwa ameacha kulia, na kunyamaza huko kulimtisha Gwantwa kuliko mto. Akakubali. Gwantwa alikuwa na mtoto mgongoni na hapakuwa na mwingine wa kunyanyua pikipiki, kwa hiyo fundi alipiga magoti matopeni, akaingiza lile goti bovu chini ya injini likawa jeki, huku mikono ikifungua na kufunga. Kitu kililia ndani ya goti, Gwantwa akakisikia. Fundi aliendelea kufunga mpaka nati ya mwisho ilipokazwa.

Gwantwa akaingia mtoni. Mahali pale pale alipoanguka zamani, tairi la mbele liliteleza na pikipiki ikaanza kulala. Mguu wake ulishuka wenyewe kutafuta ardhi, ukakuta maji matupu. Mwili wote ulimtaka afunge breki. Akaurudisha mguu, akaongeza mafuta. Pikipiki ikayumba, ikainuka, ikapanda ukingo wa pili. Hakusimama mpaka mlangoni pa hospitali.

Sekela alipona. Gwantwa alirudi bila hata mkwaruzo. Goti la Lusekelo halikukunjika tena, na vidole vya Bi Subilaga vilikakamaa, hakusuka tena.

Tumpe alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe huyo alikuwa na ndama jike mmoja. Aliwaita wote watatu uani, akawaambia anataka ndama yule aende kwa mtu mmoja, ili uzao wake ukue katika boma moja na Sekela ajue pa kwenda kusalimia.

Kijiji kikaanza kubishana. Wa kwanza wakasema apewe bibi. Wakajibiwa kwamba ni yeye aliyempeleka mtoto penye kuni. Wengine wakamtaja fundi. Wakajibiwa kwamba ni yeye aliyeiachia pikipiki ikiwa na kasoro. Wengine wakamtaja Gwantwa, naye kabla hawajajibiwa na yeyote akasema mwenyewe, taratibu, kwamba aliambiwa arudi na hakurudi. Bi Subilaga alificha mikono ndani ya khanga. Lusekelo alitazama gongo lake.

Tumpe bado amesimama uani, kamba ya ndama mkononi, na macho yake yamewaacha wale watatu, sasa yanawatazama ninyi. Haya, semeni: amkabidhi nani?