Mzinga wa Ng'ambo ya Mto

Ndugu zangu, kulikuwa na mrina asali mmoja huko porini, upande wa Sikonge. Watu walimwita Baba Nshoma. Alikuwa na mizinga ishirini juu ya miti, na mwaka huo mahindi yake yalikuwa yameliwa na viwavi. Asali ndiyo ingewalisha yeye, mkewe na watoto.

Asubuhi moja akakuta mizinga miwili iko chini imepasuka, masega yametafunwa. Nyegere! Mnamjua nyegere? Mnyama mdogo, lakini akishaonja asali haogopi mbwa wala mkuki.

Siku tatu mume na mke walifanya kazi. Mizinga kumi na minane iliyobaki wakaining'iniza kwa waya mrefu, mbali na shina, nyegere asiifikie. Walipomaliza mke akasema, "Sasa tuwaache nyuki."

Je, aliwaacha? Thubutu! Kesho yake, hata chai hajanywa, ameshapanda. Akapuliza moshi, akafunua mzinga, akachungulia. Wamo. Akaenda wa pili, wa tatu. Keshokutwa tena. Chakula hakikumpita kooni mpaka achungulie.

"Baba Nshoma, unawasumbua."

"Naangalia tu, mama. Nyegere akirudi, tutakula nini?"

Mzinga mmoja tu hakuufikia, ule wa ng'ambo ya mto. Mvua zilinyesha, mto ukafurika, miezi miwili hakuna wa kuvuka. Huo aliulilia. Alisema, "Ule umekwisha kuliwa."

Kisha mizinga ikaanza kunyamaza. Leo mmoja mtupu, kesho miwili. Akazidi kupanda, asubuhi na jioni. "Nyegere ananimaliza!" Mkewe akamwonyesha waya: mzima. Akamwonyesha mti: hauna alama hata ya ukucha. Hakusikia. Mpaka msimu wa kurina unafika, mizinga yote kumi na saba ilikuwa mitupu. Nyuki walikuwa wamehama.

Maji yalipopungua wakavuka. Mzinga ule ulikuwa unanguruma kwa nyuki, mzito, tawi limepinda. Baba Nshoma akakaa chini, akalia.

Mkewe akamwambia taratibu, "Huu ndio pekee ulioukosa mkono wako."

Ndugu zangu, nyegere alikula miwili. Hiyo kumi na saba aliimaliza nani?

Tusimcheke. Sisi tunaomba, tunasema amina, kisha tunapanda kuchungulia. Humu ndani yumo mama aliyemwombea binti yake aliyeolewa mbali, na tangu asubuhi ameshampigia mara sita: mumeo anakupenda? Umekula? Mbona sauti yako iko hivyo? Hata yule binti sasa anaogopa, na jana hakuwa na hofu yoyote. Nyegere yupo, sikatai. Funga waya wako vizuri. Lakini ukishafunga, shuka.

Mama, nakuona. Iweke hiyo simu kwenye mkoba. Huko aliko mwanao, Mungu alifika kabla yako.