Mayai Sitini ya Oveni

Mchungaji kanisimamisha niwape mfano, kana kwamba mahubiri yake hayakutosha. Magoti yananiuma na shule sikwenda. Kaeni vizuri, sirudii.

Kulikuwa na mama mmoja, mwanawe alimnunulia oveni. Wageni wa posa ya binti yake walipokaribia, akawatangazia majirani kwamba atawapa wageni hao mayai sitini yaliyoiva bila tone la maji, humo humo kwenye oveni. Akayapanga kwenye trei, akafunga mlango, akakaa. Mama mkwe wake akamwambia moto auona mdogo, atoe moja avunje, maana yai bichi na lililoiva kwa nje sura ni moja.

"Mama, nikivunja yanabaki hamsini na tisa. Nilisema sitini."

"Kwani wageni watayahesabu?"

"Majirani watahesabu."

Bibi wa watu akarudi kuketi. Mnacheka? Nani hapa hana majirani?

Wageni wakaletewa mayai. Mjomba wa bwana arusi, ndani ya suti ya kijivu, akagonga lake. Ute ukamshuka mapajani. Wa pili naye vivyo hivyo. Binti kainamisha kichwa, maana posa huweza kurudi na walioileta.

"Mama," mjomba akauliza, "hukujaribu hata moja?"

Angeweza kuisingizia oveni. Akasema, "Mama mkwe aliniambia nivunje moja, niliona haya kupunguza hesabu."

Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Akasema aliyekiri kosa mbele ya wakwe hawezi kuwa amelea binti mwongo. Posa haikurudi nao.

Na sisi je? Jumapili tunajipanga kwenye mabenchi haya, maganda meupe, safi. Mama mkwe akikugonga kidogo kwa neno, unanuna wiki nzima. Mume naye akikugonga kwa neno, unahamia kwa dada yako. Tunaogopa kupungukiwa yai moja, tunaharibu trei nzima. Wanangu, gongweni mapema na wanaowapenda. Ukiwa bichi nyumbani, unarudishwa motoni, unaiva. Ukiwa bichi mbele za watu, umekwisha kumwagika.

Lakini msidhani yule mama aliachiwa bure. Ukweni hakuna bure. Mjomba alimtoza jogoo wake mwekundu, akachinjwa siku ile ile. Na firigisi, fungu la wanaume, ambayo nyumba ile hakuna mwanamke aliyewahi kuionja, mjomba akaamuru apewe yule bibi aliyeonya. Aliipeleka mkosaji mwenyewe, kwenye sahani, kwa magoti.