Kasha la Chuma la Sultani Badrudini

Hapo zamani, mji ulipokuwa mdogo na tumbo la mwenye mji lilipokuwa kubwa, palikuwa na Sultani aliyeitwa Badrudini, mwenye meno mabovu na hasira za karibu. Siku moja tabibu wake akamkataza halua, akamwambia, "Ukila tena, ewe mtukufu, hutabakiwa na jino." Sultani akalia siku mbili, siku ya tatu akakasirika, akasema, "Nisipokula mimi, hali mtu." Basi ikapigwa mbiu kwamba halua ni marufuku mji mzima, na atakayekutwa nayo atapigwa bakora arubaini, na askari wakapita nyumba kwa nyumba wakikusanya masufuria ya wapishi.

Miongoni mwa yaliyochukuliwa lilikuwamo sufuria la shaba la Bi Mize, mke wa Vuai hamali. Na huyo Vuai, niwaambie kweli, alikuwa fukara wa kutupwa. Mgongo wake ulikuwa na nguvu, lakini ulimi ulimharibia kazi, kwani kila tajiri aliyembebea mzigo alimtania njia nzima, mpaka tajiri akaona afadhali abebe mwenyewe. Nyumba yao ilikula kwa halua aliyoipika na kuiuza Bi Mize. Sufuria lilipokwenda, jiko likapoa, na Bi Mize, mwanamke asiyelia ovyo, akaketi kizingitini akalia. Vuai akaingiwa na uchungu mkubwa. Akavaa kanzu yake moja, akaenda barazani kwa Sultani.

Akamkuta ameketi kando ya kasha lake jipya. Lilikuwa kasha la chuma lililotoka ng'ambo, refu kama kabati, mlango wake umepigwa misumari ya vichwa vikubwa, na katikati pana tundu la ufunguo lililonakshiwa kwa shaba. Tundu lile lilikuwa la uongo. Mafundi saba wa kufuli walikwisha kulichokoa hata vyuma vyao vikakatika, Sultani akicheka, maana tundu la kweli lilifichwa chini ya kichwa cha msumari mmoja, na ni msumari upi, alijua yeye peke yake. Alisema humo ndani mna dhahabu. Na ilikuwa desturi, kila alipotaka kulifungua, waziri, tabibu, askari na hata paka wa barazani hugeuzwa nyuso kuelekea ukutani.

Vuai akainama, akasema, "Bwana wangu, nimekuja kuomba sufuria la mke wangu."

Sultani akaona amepata mchezo. "Nitakupa, kwa sharti. Lifungue kasha hili bila ufunguo, bila chombo, bila kuvunja, wala asikusaidie mtu. Ukishindwa, utauhama mji wangu, wewe na mkeo, kabla ya adhuhuri."

Vuai akalizunguka kasha, akaligonga, akalitegea sikio, kisha akaliamkia, "Shikamoo." Watu wakacheka. Akasema, "Nimekubali, bwana wangu. Lakini hukusema nisimame upande gani."

"Simama upande wowote uutakao!"

"Basi nitasimama ndani."

Baraza zima likaangua kicheko. Sultani naye akacheka, kisha kicheko kikamkauka ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu. Lakini neno lilikwisha kumtoka na watu wote wamesikia. Ikawa hana budi. Akaamuru nyuso zigeuzwe ukutani, na Vuai akafungwa kitambaa machoni. Msumari ukasikika ukiteleza, ufunguo ukazunguka, na mara Vuai akasukumwa ndani kwa pupa. "Ole wako uguse dhahabu yangu!" Sultani akamnong'oneza. Mlango ukabamizwa, na makomeo kumi na mawili, yaliyosukumwa na kamani, vile vyuma vya kujisukuma, yakajifunga yenyewe pande zote.

Sasa, Vuai hakuwa mjinga kama mlivyodhani. Kasha lile walilibeba yeye na wenzake kutoka forodhani, mlango wake ukiwa wazi, na pua yake ilibanwa upande wa ndani njia nzima. Hapo ndipo alipoona kwamba fundi wa ng'ambo aliyelitengeneza aliweka hila zake zote upande wa nje, anakotokea mwizi. Upande wa ndani makomeo yalikuwa wazi kama mbavu za ng'ombe kwa mchinjaji, yote yameunganishwa na chuma kimoja kirefu. Kwani nani amepata kuona dhahabu inataka kutoka?

Akapapasa gizani, akakishika kile chuma. Kabla hajakivuta, pua ikampa habari. Iliki! Zafarani! Samli! Akainama, na mkono wake ukazama katika sinia la halua.

Nje, Sultani akangoja, akachoka kungoja. "Umekufa?" akauliza.

"Bado, bwana wangu," sauti ikajibu, kama ya mtu mwenye kitu kinywani. "Kazi hii haitaki haraka."

Hatimaye makomeo yakalia, mlango ukafunguka, na Vuai akatoka, anang'aa samli toka mashavuni hata viwikoni. Akasema, "Sufuria la mke wangu."

Sultani akanguruma, "Umegusa dhahabu yangu!"

"Wallahi, sikugusa hata chembe. Nimeitafuta kwa mikono miwili, haimo."

Tabibu akamsogelea, akamnusa kiganja. "Hii ni halua!"

"Ndiyo, tabibu," Vuai akasema kwa huzuni. "Kuna mhalifu ameificha katika kasha la bwana wetu. Naomba atafutwe apewe bakora zake arubaini. Hatatusumbua kumpata, ni mtu mwenye ufunguo."

Waziri, bila kuamriwa, akageuka mwenyewe akatazama ukuta. Askari mwenye bakora akamwangalia Sultani, akaiangalia bakora, kisha akaificha nyuma ya mgongo. Sultani akaona haya mpaka masikio yakamwiva. Akataka kughadhibika, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamdondoka. Akaamuru marufuku ifutwe na masufuria yote yarudishwe siku ile ile, la Bi Mize likiwa la kwanza.

Vuai akajitwika sufuria, akashukuru, akaondoka. Alipofika mlangoni akahisi mtu amemshika kanzu. Alikuwa Sultani, anatazama huku na huku, asije tabibu akawa karibu.

"Ewe Vuai," akamnong'oneza, "hukunibakishia?"

"Nimekubakishia, bwana wangu."

"Nini?"

"Sinia."