Shahidi na Keki ya Saa Kumi

Wapo watu wanaoona kuuliza ni aibu. Wakipotea, hupotea kifua mbele. Wakipanda treni siyo, huketi kwa maringo hadi mwisho wa reli. Kwa ajili yao wahenga walituachia neno fupi: kuuliza si ujinga. Mzee Eberhard wa mji wa Ulm, Ujerumani, alikuwa kinara wa watu hao.

Eberhard alikuwa amestaafu baada ya kuongoza treni stesheni kwa miaka thelathini na saba. Ratiba alizihifadhi kichwani kama sala. Watu walimuuliza, yeye akajibu. Kuuliza mwenyewe, abadani! Hata bei ya viazi sokoni alikuwa akikisia.

Jumamosi moja ya mwezi wa Juni, yeye na mkewe Roswitha walipanda treni asubuhi kwenda Radovljica, Slovenia, kwa rafiki yao Jernej. Mfuga nyuki huyo walifahamiana naye miaka thelathini nyuma, walipopiga mahema yao jirani kando ya ziwa. Jernej alifiwa na mkewe, akaishi mpweke miaka sita, na sasa, akiwa na miaka sitini na minane, Mungu alikuwa amemjalia mchumba aitwaye Nives. Ndoa ingefungwa saa kumi na mbili jioni, na shahidi wa bwana harusi alikuwa Eberhard. Bila shahidi hakuna ndoa.

"Nives ana dada yake, mimi nina wewe," Jernej alimwambia kwa simu. "Usiniangushe, ndugu yangu."

"Mimi nichelewe? Labda jua lichelewe kuchomoza!"

Basi treni ile, ikifika Villach, Austria, hugawanywa. Mabehewa ya nyuma huvuka mpaka kuingia Slovenia, yakaendelea hadi Zagreb, Croatia. Ya mbele hubaki Austria na kushika njia yake. Viti vya wazee wetu vilikuwa nyuma kabisa, na juu yao sanduku lenye suti. Ila behewa la chakula lilikuwa mbele, na saa kumi ilikuwa imegonga. Kwa Eberhard, alasiri isiyo na kahawa na keki ilikuwa sawa na kufunga bila kunuia.

"Tungojee tufike," Roswitha alisema walipokuwa wameketi mezani. "Au basi muulize yule mama mhudumu tukifika Villach tutasimama muda gani."

"Nimuulize muuza keki habari za treni? Mimi?"

"Kwani ukiuliza utapungua kilo? Ingekuwa heri!"

"Dakika ishirini na tano, Roswitha. Nazijua. Kula keki yako."

Enzi zake zilikuwa kweli dakika ishirini na tano. Enzi zake zilikuwa zimepita. Villach ilifika, treni ikasimama, Eberhard akaagiza kipande cha pili cha keki ya tufaha. Alikuwa ameinua uma wa kwanza treni ilipoondoka.

"Eberhard," Roswitha aliuliza polepole, akitazama dirishani, "yale mabehewa yaliyobaki pale, si ndiyo yetu?"

Uma ulibaki hewani. Mabehewa yao yalikuwa yametulia kwenye reli, na suti yake ndani.

Waliteremka kituo kilichofuata, mji wa Velden. Eberhard alikimbilia ubao wa ratiba, akasoma kwa kidole, akasoma tena. Hapakuwa na treni ambayo ingewafikisha kabla ya saa mbili usiku. Mzee wa watu akanywea.

"Jernej ananingojea mimi," alisema. "Miaka sita amekaa peke yake, na leo nimemharibia kwa ajili ya keki."

Roswitha alikuwa na maneno ya kujaza gunia. Akayameza. "Uliza," alisema tu.

Eberhard akawaendea watu waliokuwa jukwaani. "Samahanini jamani. Nimepotea, na sijui la kufanya. Kuna njia yoyote ya kufika Radovljica kabla ya saa kumi na mbili? Mimi ni shahidi wa harusi."

Mwanamke mmoja aliyenukia vitunguu vya kukaanga aligeuka. Alikuwa amemleta mwenzake stesheni kwa gari.

"Radovljica? Ah, mzee, mimi nalala kijiji cha jirani! Napika hotelini hapa, na kila siku navuka mpaka kurudi nyumbani. Twendeni. Lakini bwana harusi unamjua jina, au naye tumuulizie njiani?"

Roswitha alicheka mpaka kwenye gari. Eberhard alicheka pia, kwa kuchelewa kidogo.

Walifika saa kumi na mbili na dakika kumi. Jernej alikuwa kwenye ngazi za ukumbi wa ndoa, jasho likimtiririka, na mama mfungisha ndoa nyuma yake akitazama saa.

"Suti yako iko wapi?" Jernej aliuliza, akimkumbatia kwa nguvu.

"Imetangulia Zagreb. Nilikuwa nakula keki."

"Wewe njoo hata na taulo, bora umekuja!"

Ndani, viapo vilitolewa, machozi yakamtoka Nives, na kitabu kikawekwa mbele ya shahidi. Eberhard wa asubuhi angetia saini popote, kwa mbwembwe, akachafua ukurasa. Huyu wa jioni alishika kalamu, akasita, akainua macho mbele ya ukumbi mzima.

"Samahani, mama. Nitie saini wapi?"

Kwa miaka arobaini na mmoja ya ndoa, hadi siku hiyo, Roswitha hakuwahi kusikia swali likitoka kinywani mwa mumewe hadharani; sasa lilikuwa la pili. Alijifunika uso kwa leso, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Hapa, baba," mama yule alijibu, akaweka kidole. Eberhard akatia saini palepale, na Jernej na Nives wakawa mume na mke. Hakika, kuuliza si ujinga.