Kichwa cha Kiboko Kimehudhuria

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa mkandarasi!
— Pakawa kibarua!

Kaeni basi. Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Mwanakheri tukipukuchua mahindi. Alikuwa akiiga sauti ya Kiboko mpaka kuku wanakimbia. Namkumbuka, jamani, namkumbuka sana.

Zamani hizo wanyama walitaka daraja la wote. Kiboko akapewa kazi. Akaweka dhamana: ghala la mtama, ufunguo kwa Hakimu Korongo, ili vibarua wakidhulumiwa walipwe humo. Fuko akachimba mashimo ya nguzo. Kwaru-kwaru asubuhi, kwaru-kwaru jioni. Daraja likasimama. Ujira? Hakuna. Na watoto saba wa Fuko wanalala njaa.

"Bwana Kiboko, mtama wangu."

"Kesho."

"Bwana Kiboko, mtama wangu."

"Nishtaki! Lakini kesi njoo uifungue kwangu, kilindini." Chubwi! Akazama.

Fuko kuogelea hajui. Akaenda kwa Korongo.

"Mila ni moja," Korongo akasema. "Kesi ya kazi husikilizwa pale jasho lilipodondoka. Asiyehudhuria, dhamana yake yafunguliwa."

Siku hizo mila ilikuwa mila. Hata mwenye meno marefu aliitii, si kama sasa.

Wakakutana darajani. Fuko akaanza kulia. "Ee Hakimu, naogopa Bwana Kiboko atauliza nani aliniona nikifanya kazi hapa!"

Kiboko akadakia. "Enhe! Nani alimwona hapa?"

"Hatukumwona," wakajibu wanyama wote.

"Wamesema kweli," Fuko akasema, akifuta machozi. "Mimi nilifanya kazi chini, shimoni. Jasho langu liko huko. Kesi ihamie huko."

"Ihamie!" akasema Korongo.

Fuko akateremka, pu! kwenye njia yake ya kuingilia shimoni, kando ya nguzo. Korongo akachungulia kwa shingo yake ndefu. Kiboko akasukuma kichwa, kikaingia. Akasukuma mabega. Ng'wii! Akasukuma tena. Ng'wiii!

"Mshtakiwa yupo?" Korongo akauliza.

"Kichwa kimehudhuria," Fuko akajibu, "mwili haujahudhuria."

Ghala likafunguliwa. Watoto saba wakala mpaka wakasinzia na punje mdomoni. Kiboko alivutwa mkia siku tatu ndipo akatoka.

Hadithi yangu ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, mpelekeeni Kiboko. Na funzo? Wanangu, msimdhulumu kibarua mdogo. Mkitaka kudhulumu, ajirini mwenye mwili kama wenu.